Mtani Aliyefungwa Kauli

Jeneza la baba lilikuwa limeshafikishwa ukingoni mwa kaburi, katekista ameshafungua kitabu chake, na Mzee Fulgence Gama bado alikuwa amelala chini shimoni, mikono kaikunja kifuani, akidai kwamba nafasi imeshachukuliwa.

"Mtafutieni Mhehe wenu mahali pengine," alisema. "Mimi nimewahi."

Watu walicheka, lakini kwa kujibana. Wengi walipeleka mkono sikioni na kugusa vipuli vyao, zile shanga ndogo tunazovaa sote siku hizi, ambazo kila neno la hadharani linapita humo kabla ya kutufikia. Nilijua wanachokiogopa. Ndiyo kazi inayonilisha: mimi ni mpimaji, mmoja wa watu wachache wanaoifundisha Mizani, mashine inayosikiliza ndani ya vipuli hivyo, lipi ni tusi na lipi si tusi. Siku ile lakini nilikuwa binti wa marehemu tu, na nilitaka Gama atoke shimoni tumzike baba.

Gama ni Mngoni. Alikuja Kilolo akiwa kijana, kupasua mbao, na jioni yake ya kwanza kilabuni alimtukana baba yangu kwa sababu Wangoni na Wahehe ni watani tangu babu zao walipochoka kuuana. Baba akamtukana na yeye. Wakanywa ulanzi kwenye chupa moja, na tangu hapo hawakuachana. Kaburi lile alilichimba Gama mwenyewe na kifua chake kibovu, na vijana walipotaka kumpokea chepe aliwauliza kama wanataka kumwibia rafiki.

"Gama, toka humo," mama alisema.

"Sitoki bila jogoo wangu wa utani."

Mama alikuwa hajalia. Tangu tuliporudi hospitali bila baba alikaa tu, kama mtu aliyeambiwa asubiri hapo hapo atarudiwa. Alikuwa anakunywa uji kwa kulazimishwa. Shangazi zangu walimwimbia, walimkumbatia, walimkumbusha mambo, na yeye akawa anawaitikia kwa adabu. Mimi nilijua anamsubiri nani. Mazishi ya kwetu huwa hayajaanza mpaka mtani ameyavuruga.

Gama akasimama humo shimoni, akajipangusa udongo, akaliangalia jeneza kwa muda mrefu. Kisha akainua sauti.

"Ndugu waombolezaji! Mmewaona mbwa wa kijiji hiki leo? Tangu alfajiri wanacheza ngoma! Mlaji wao amekufa! Mhehe wa mwisho mwenye meno mazima ameondoka! Wamenituma nilete rambirambi zao, lakini nisiwafiche, walikuwa wanacheka."

Mabega ya mama yakatikisika. Nilimwona. Kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie, uso wake ulirudi kuwa uso wa mama.

Hapo ndipo Mizani ilipomsemesha sikioni. Sikuhitaji kuisikia, maana maneno yenyewe nilikuwemo kwenye kikao kilichoyachagua: *Bi Generosa, imetolewa kauli ya kudhalilisha kabila dhidi ya marehemu mume wako. Wewe ndiye wa karibu yake. Je, umeudhika?*

Na mama akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa Kihehe angemfanyia mtani wa mumewe. Alisimama, akashika kiuno, akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Nimeudhika! Nimeudhika mno! Mngoni huyu afungwe, na jogoo hapati! Babu zake walitukimbia vitani wakaacha ngao, leo yeye anakuja kujificha kwenye kaburi la mume wangu!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, safari hii bila kujibana. Gama naye aliinua kichwa, akatanua kifua, akafungua mdomo kujibu. Midomo yake ilicheza. Mikono ikapunga. Alikuwa anasema kitu kirefu na kitamu, hilo lilionekana machoni mwake. Lakini masikioni mwetu hakukuwa na kitu chochote, hata pumzi. Sauti yake ilikuwa imefutwa.

Mama aliendelea kucheka kidogo, halafu akanigeukia.

"Tarsila," akasema, "mbona hajibu?"

*

Ngoja nieleze, maana hata mama ilibidi nimweleze mara mbili jikoni huku shangazi zangu wakijifanya wanachambua mchele.

Mtu akifungwa kauli, Mizani inaikariri sauti yake na kila kipuli nchini kinaifuta. Anaweza kuongea mpaka akauke koo. Aliyevaa vipuli hamsikii. Simu zake hazina sauti. Barazani mchango wake haufiki. Kilio cha kuomba msaada peke yake hakifungwi, kwa hiyo Gama akibanwa na kifua muuguzi atamsikia. Vingine vyote vinafungwa mpaka siku arobaini ziishe.

"Basi tutavua hivi vidude," mama alisema.

"Sisi tutavua. Wewe je?"

Akagusa kipuli chake. Mama masikio yake yalimwacha mkono zamani. Vipuli ndivyo vinavyomsikilizisha. Akivivua, dunia nzima kwake inakuwa mtu anayenong'ona nyuma ya ukuta. Maana yake, kwa wengine Gama alikuwa amefungwa kwa kadiri tunavyopenda kuvaa vipuli. Kwa mama alikuwa amefungwa pande zote.

"Lakini si wewe ndiye mkubwa wa hiyo mashine?"

"Si mkubwa. Na uliulizwa, mama. Ukasema umeudhika."

"Sasa ulitaka niseme nini?" Alinikazia macho yale yaliyonilea. "Mtani wa mume wangu, juu ya kaburi la mume wangu, nimwambie sijaudhika? Kwani yeye ni mgeni? Kwani tumekosana?"

Nikamwambia kwamba kuna njia. Aliyeudhika anaruhusiwa kufuta. Atamke tu kwamba amesamehe, au kwamba maneno yale hayakumgusa, na kauli ya Gama itafunguliwa kabla chai haijachemka.

"Hayakunigusa," mama alirudia taratibu, kana kwamba anaonja chakula kilichochacha. "Baba yako amekufa, Gama ametoka jasho kumchekesha, mimi niseme hayakunigusa. Na nimsamehe? Watani hawasameheani, Tarsila. Ukimsamehe umemfukuza."

Nilitoka nje kumtafuta Gama nikidhani yeye atakuwa na akili zaidi. Nilimkuta nyuma ya banda la kuku, nikavua vipuli. Sauti yake ikanifikia ikiwa imekwaruza, na jinsi ilivyo ndogo ilinishangaza. Ilikuwa miaka mingi sijaisikia bila mashine kuisafisha.

"Kamwene, binti mla mbwa."

"Kamwene, Baba Gama. Nikuombee kwa mama afute?"

"Mwambie asithubutu!" Akakohoa, akacheka, akakohoa tena. "Nimemtukana mumewe nikiwa kaburini, mwanangu. Unajua ni heshima gani hiyo? Sasa aje aniambie bahati mbaya, hakuna kitu? Afadhali nikae bubu."

"Na wanao Songea? Watakupigiaje?"

Hapo hakuwa na mzaha. "Watapiga, wataniona nimenyamaza," alisema. "Watazoea." Lakini alilisema kwa namna ambayo nilitamani ningekuwa sijauliza.

*

Sijasema kuhusu ufunguo.

Kila mpimaji anao. Ni neno moja tu ambalo nikilitamka kwa sauti yangu, Mizani inaacha uamuzi wake na kushika wangu. Kumfungua Gama kungechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Tatizo ni kwamba Mizani haifanyi jambo likaishia hapo. Inajifunza. Nikiibatilisha, itataka kujua ilikosea wapi, na jibu la kweli ni hili: mtu alisema ameudhika, wenzake walikuwa wanacheka, yeye mwenyewe alikuwa anacheka, kwa hiyo hakuudhika. Kesho yake italitumia jibu hilo kila mahali.

Kuna binti namkumbuka. Jina lake Anitha, ana ualbino, na mwanzoni mwa kazi yangu nilipewa kusikiliza sauti zilizorekodiwa darasani kwao. Darasa zima linamcheka. Yeye pia anacheka, kwa sababu angefanya nini? Mwalimu anasema ni utani wa watoto. Na katikati ya kicheko hicho Mizani, ambayo wakati huo ilikuwa bado changa na haijui lolote, ikamuuliza kama ameudhika, naye akajibu kwa sauti ya chini sana: ndiyo. Kanuni yetu kubwa imetoka kwenye lile "ndiyo" la Anitha. Anayesema ameudhika, aaminiwe. Asiulizwe mbona ulikuwa unacheka.

Naipenda kanuni hiyo. Nimegombana na wakubwa zangu kwa ajili yake. Na sasa nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha marehemu baba yangu, natafuta namna ya kuitoboa kwa ajili ya mzee mmoja mkorofi.

Wakati huo kipande cha mazishi kilikuwa kimeshasambaa nchi nzima. Mtu alikirusha kabla hatujamaliza kufukia. Gama anaonekana shimoni, anapunga mikono bila sauti, na watu walikuwa wanamwekea maneno yao mdomoni. Kuna aliyemfanya aimbe taarabu. Kuna aliyemfanya atangaze mpira mpaka goli likaingia. Kwa kweli lile la mpira nilicheka, nikajilaumu, nikaliangalia tena.

Kisha ikaja simu kutoka kwa mtu aliyejiita Bwana Sizya, msaidizi wa mheshimiwa mmoja anayegombea huko bondeni.

"Pole sana na msiba, dada. Mheshimiwa ameguswa mno na habari ya yule mzee."

"Tumepoa. Ameguswa wapi?"

"Utamaduni wetu, dada! Utani ni urithi. Mashine gani hii isiyojua utani? Tunasikia wewe ni mpimaji, na unao uwezo wa kumfungua. Sisi tuko nyuma yako kwa lolote."

Nilimkumbuka mheshimiwa wake. Naye alikuwa amefungwa kauli, kwa sababu alisimama jukwaani akawaita wafugaji wa bondeni kupe, akawaambia wenyeji kwamba kupe hung'olewa. Usiku ule ule mazizi yalichomwa. Alipoulizwa alisema ni utani tu, watu wamekosa ucheshi.

"Bwana Sizya," nikamwambia, "mheshimiwa ana mtani gani kati ya wale wafugaji?"

"Samahani?"

"Nauliza, wakifiwa anakwenda? Amewahi kushika chepe kwenye msiba wao? Na wao wakimwita kupe juu ya jukwaa lake, anawapa kipaza sauti?"

Alicheka kile kicheko cha ofisini. "Dada, tusifike huko. Wewe mfungue tu mzee wako. Kwani hasara iko wapi? Mzee wa watu anateseka."

Na hapo ndipo uchungu uliponipata, kwa sababu mwisho wa sentensi yake ulikuwa kweli. Mzee wa watu alikuwa anateseka. Mama yangu alikuwa anateseka. Nilikata simu, nikatamani kumuuliza baba, na ndipo nilipokumbuka vizuri kwamba baba amekufa. Nililia kwenye kigoda chake mpaka shangazi mmoja akaja kunipokonya kikombe cha chai mkononi.

*

Siku ya kuanua matanga Gama alikuja mapema, kavaa koti lake la mazishi. Sheria ya utani ni kwamba mtani ndiye anayewafagia watu nje, la sivyo msiba unabaki ndani. Alichukua ufagio akaanza kupita katikati ya wageni akiwafagia miguu na kuwasimanga, hilo nililiona kwa midomo yake. Kawaida hapo watu wangekuwa wanakimbia na kupiga kelele. Waliondoa tu miguu. Binti mmoja wa mjini alimpisha bila kumtazama, anaendelea na mazungumzo yake. Gama akasimama na ufagio wake. Nilimwona akiangalia huku na huku, na kile kifua alichokitanua kaburini kikasinyaa.

Nikasema moyoni, basi. Liwalo na liwe. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikaiita Mizani.

*Nakusikia, Mpimaji Tarsila. Kuna jambo la kurekebisha?*

Neno la ufunguo lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nilikuwa natazama kupitia mlango wa jikoni, na kwa sababu hiyo nikaona yote.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka. Gama alimfikia na ufagio, akasema kitu. Mama alimtazama mdomo, akatikisa kichwa kwamba hasikii. Gama akarudia. Mama akakunja uso, akawaza, kisha akainua mikono yote miwili akavua vipuli vyake. Akavifunika kwa sahani ya magimbi. Akamshika yule mzee ukosi wa koti, akamvuta chini mpaka akapiga magoti, akageuza shavu na kumpa sikio.

Nikavua vyangu haraka.

"MBWA WANAKUSALIMU!" Gama alikuwa anapaza sauti kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo imemtoka. "WANAULIZA, MJANE NAYE ANA MENO?"

Mama alicheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, akampiga Gama kofi la bega, akampigia kelele na yeye kwamba arudi kwao akaokote ngao ya babu yake imeliwa na mchwa. Na katikati ya kucheka kile kicheko kikapasuka. Alilia kwa sauti, akimtaja baba kwa jina lake la utotoni ambalo nilikuwa silijui. Gama alibaki pale pale kapiga magoti, amemshikilia, na yeye analia, kifua kinamkoroma. Wageni mmoja mmoja walianza kupeleka mikono masikioni, wanavua, ili wasikie kinachoendelea.

Mizani ilikuwa bado inanisubiri. Niliporudisha kipuli kimoja ikauliza tena. *Mpimaji, kuna jambo la kurekebisha?*

"Hapana," nilisema. "Uko sawa. Kaa hivyo hivyo."

*

Mimi nilirudi mjini kazini, lakini nilikuwa napanda Kilolo kila mwisho wa juma, na kila nilipokuja nilikuta jambo jipya. Kwanza watu walizoea kuvua vipuli wakikaribia kwa Gama, kama wanaume wanavyovua kofia wakiingia kanisani. Duka la jirani yake likaweka bakuli la kuviwekea. Binti yake wa Songea, baada ya kumwangalia baba yake bubu kwenye simu kwa juma zima, alikata tiketi ya basi akaja mwenyewe, na alikuwa hajafika tangu mtoto wake wa kwanza azaliwe. Na kila asubuhi, chai ikishatengwa, Gama alikuja kupiga magoti kwenye mkeka wa mama na kumpigia kelele sikioni. Kijiji chote kilijua walichoongea. Mama alianza kula.

Bwana Sizya hakupiga tena. Mheshimiwa wake alishindwa uchaguzi akiwa bado amefungwa, na Anitha, ambaye sasa ni mwalimu, hakujua kamwe kwamba "ndiyo" yake ilikuwa imekaa kwenye ncha ya ulimi wangu asubuhi moja.

Arobaini ya baba ilifika, na kauli ya Gama ikafunguka alfajiri ile ile. Alikuja kwetu na sauti yake mpya, iliyosafishwa na mashine, inayofika kila pembe ya uwanja bila kujikakamua. "Hamjambo nyote!" alisema, na wote tukamsikia vizuri. Tukamjibu kutoka pale pale tulipokuwa. Hakuna aliyevua kitu. Hakuna aliyesogea. Akatafuta kiti, akakaa pembeni peke yake, akatoa utani mmoja au miwili, watu wakacheka kwa adabu huku wameinamia sahani zao.

Mama, vipuli vikiwa masikioni, alikuwa anamtazama kutoka kwenye mkeka.

Kisha nikamwona ametulia, ameinamisha kichwa, kama mtu anayesemeshwa. Nilikumbuka kwamba Mizani lazima imuulize aliyeudhika kabla ya kulifunga shauri. *Bi Generosa, muda umetimia. Je, bado umeudhika?*

Mama alijua sasa jibu lina uzito gani. Hakuna aliyekuwa anajua zaidi yake. Akamtazama Gama, Gama naye akamtazama. Yule mzee akaelewa, akaanza kutabasamu polepole mpaka mapengo yote yakaonekana, akaitikia kwa kichwa.

"Nimeudhika sana," mama alisema. "Mwongezeeni."

Gama alikuwa ameshainuka, kidole juu, ameshaanza kujibu, na sauti yake ikakatika katikati ya neno. Uwanjani kote vikasikika vipuli vikidondoka kwenye sahani. Mama alikuwa ameshavua vyake na kugeuza shavu. Watu waliburuta viti kusogea karibu, na mimi nikavua vyangu nikakimbia, ili nisikose jibu.